Kupima selimundu kabla ya posa

Mhariri,

Vijana wa Pemba wanaopima selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kabla ya posa wasiridhike na tone la damu linaloangaliwa kwenye kioo cha hadubini. Kipimo hicho huonyesha seli zilizopinda mfano wa mundu, lakini hakitenganishi mgonjwa (SS), aliyerithi kasoro kwa wazazi wote wawili, na mbebaji (AS), aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu. Waombe elektroforesisi ya himoglobini, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni. Aliyeongezwa damu asubiri miezi 3, la sivyo damu ya mchangiaji itapotosha majibu.

AS wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mgonjwa. Hapa ndipo watu hukosea: kutangulia mtoto mzima hakumkingi anayefuata. Na kichanga, tafadhalini, asipimwe kwa kioo. Himoglobini aliyozaliwa nayo kutoka tumboni mwa mama huficha ugonjwa kwa miezi kadhaa.

Wapimaji wa maabara,
Chake Chake, Pemba