Ushanga uliopasuka bila kuguswa

"Haujaanguka, haujagongwa, nimeukuta vipande viwili kwenye sahani." Malalamiko haya yanarudi kila mara kwetu sisi watengenezaji wa shanga za kioo, na mara nyingi ushanga wenyewe ulinunuliwa kwingine kwa bei ya chini. Kisha tunaombwa bei hiyohiyo, "hata bila tanuri", yaani bila kuupoza ushanga polepole. Hatukubali.

Fimbo ya kioo laini, yaani kinachoyeyuka kwa urahisi, huyeyushwa kwenye mwali wa gesi na oksijeni, ikazungushwa kwenye ujiti wa chuma cha pua uliopakwa tope la udongo ili ushanga uchomoke baadaye. Ukitoka kwenye moto, nje huganda kwanza. Kiini kikija kusinyaa hakina nafasi, na mkazo hubaki humo hata kwa miezi, kisha huweza kuupasua ushanga. Dawa yake ni tanuri: nyuzi joto 510 hadi 520 za Selsiasi kwa nusu saa au zaidi kulingana na unene, kisha joto lishuke kama nyuzi 60 kwa saa mpaka lipite chini ya 400. Ndiyo maana kazi ya leo huichukui leo.

Wengine huufukia ushanga kwenye blanketi la nyuzi za kauri na kuiita kazi imekwisha. Blanketi huchelewesha kupoa tu, mkazo hauondoki. Ukitaka kuhakikisha, weka ushanga unaopitisha mwanga kati ya lenzi mbili za miwani ya jua ya polaroidi, ugeuze moja mpaka giza liingie. Ukiona mng'ao kuzunguka tundu, huo ndio mkazo.

Ombi jingine: "Changanyeni na chupa yangu." Ushanga mzima wa chupa moja tunatengeneza, ingawa kioo chake huganda haraka na hakivumilii nakshi ndogo. Kuchanganya hapana. Fimbo zetu hutanuka sehemu 10.4 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, chupa karibu 9. Hakuna tanuri linalopatanisha hizo mbili.

Tundu nalo lina gharama yake. Kingo lazima ziiname kuelekea ndani, kwani kingo kali hukata uzi. Udongo uliobaki tunausugua kwa tupa ya almasi ndani ya maji, maana vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Shanga za haraka hukosa hatua hii: chungulia, utaona unga mweupe.

Ukija na ushanga uliopasuka, leta vipande vyote. Ufa unaofuata mpaka wa rangi kwa kawaida humaanisha vioo visivyopatana. Unaokata moja kwa moja kupitia tunduni, angalia kwanza upoaji.