Kanisani kwetu mbele wanaitwa wa divisheni wan na tuu

Mhariri, Bwana asifiwe, na kama wewe ni Muislamu basi asalaam aleikum, maana barua hii ni ya Wakristo ila nadhani na nyie haya mnayajua kwa namna yenu. Jina langu naomba usilitoe, andika tu Mama Zebedayo wa Morogoro, huko mbele utaona kwa nini nimejiita hivyo.

Kuna kitu kimenikaa kooni huu mwaka wa tatu. Usharika wetu siutaji, ni watu wema, wamenizikia mama yangu, lakini kwetu matokeo ya kidato cha nne yakitoka, Jumapili inayofuata kuna shukrani za watahiniwa. Mwinjilisti anashika maiki anaita waliopata divisheni wan waje mbele na wazazi wao, kwaya inaanza, vigelegele, mzazi anapewa dakika mbili aseme Mungu alivyomtendea, halafu wanaitwa wa tuu, wa three wanatajwa majina wakiwa wamekaa hukohuko walipo, baada ya hapo tunahamia matangazo ya ndoa. Wa foo na wa ziro hawapo duniani. Mwaka ule mwanangu alipata foo ya pointi 28.

Na kalamu yake iliombewa jamani! Kabla ya mtihani watoto wote walipanga kalamu na rula na zile seti za jometri kwenye meza pale mbele, mchungaji akaziwekea mikono, mimi nikatoa bahasha nimeandika juu kwa herufi kubwa jina la mtoto na kombi ninayoitaka, PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, kama vile naagiza kitu dukani. Sasa matokeo yalipotoka nikawa najiuliza usiku, ina maana kalamu ya mtoto wa jirani ilisikika mbinguni na ya kwangu ilikatika mtandao? Nacheka saa hizi, ile Januari sikucheka.

Ile Jumapili ya shukrani nilitoka nje kama naenda chooni nikakaa huko mpaka nikasikia wameanza ndoa. Ibada ilipoisha mama mmoja wa jumuiya yetu akaniuliza pale kwenye mnada wa sadaka, mama nanii, mwanetu kapata ngapi, kapangiwa wapi? Nikamjibu aah bado, tunasubiri awamu ya pili ya kupangiwa shule. Nimenunua kuku wa sadaka mkononi, nasema uongo, nyumba ya Bwana iko hatua kumi. Na kumbe mtoto alikuwa nyuma yangu amebeba viti vya plastiki anarudisha stoo. Alisikia. Hakusema kitu siku ile wala kesho yake, ila kanisani hakuonekana tena mpaka baada ya Pasaka na mimi nilikuwa sina mdomo wa kumwambia twende.

Cha ajabu serikali ilituzidi kwenye hili. NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, walipotangaza matokeo mwezi wa kwanza 2023 walisema hawatangazi tena shule kumi bora wala wanafunzi bora, sababu mojawapo ni kwamba ilikuwa kama kuzifanyia shule matangazo ya bure. Watu wakalalamika weee, motisha itakufa, mimi nilikuwa mmoja wa waliolalamika kwenye magrupu ya wasapu. Kwa hiyo baraza la mitihani limeacha kupanga watoto mbele na nyuma, madhabahuni tunaendelea.

Sasa nije kwangu mwenyewe maana nisije nikaonekana nawasema wachungaji tu. PCB alikuwa ameichagua nani? Mimi. Toka yuko fomu wan nilikuwa namtambulisha kwa wageni "dokta huyu", mtoto anainamisha kichwa. Anapenda vyuma yule, toka mdogo, alishafungua redio ya marehemu babu yake akarudisha zikabaki skrubu tatu na redio ikaongea, baba yake akasema huyu mwache, baba yake ni dereva wa lori hana maneno mengi. Mimi nikasikia "mwache" nikaona ni mtu asiye na malengo. Nikaongeza tuisheni.

Kisa cha mama yao wana wa Zebedayo kiko Mathayo 20, nilikuwa nakipita tu. Huyu mama anamwendea Yesu, anasujudu kabisa, anasema naomba hawa wanangu wawili waketi mmoja mkono wako wa kuume na mmoja wa kushoto katika ufalme wako. Yaani kaenda na bahasha imeandikwa kombi! Na wahubiri wengi wanamkandia yule mama, lakini ukisoma taratibu Yesu hakumfokea, alisema "hamjui mnaloliomba", akawauliza vijana kama wanaweza kunywea kikombe chake, wao haraka haraka wakasema twaweza, si unajua vijana. Wale wanafunzi kumi ndio walikasirika, na mimi naona walikasirika kwa sababu wamewahiwa. Halafu ndio anasema mtu yeyote anayetaka kuwa mkubwa kwenu na awe mtumishi wenu. Angalia hapo, hakusema msitake. Kutaka amekuacha nako, ila njia aliyokuonyesha inashuka wakati wewe ulishavaa viatu vya kupandia.

Kilichonimaliza ni huko mbele, Mathayo 27. Kwenye msalaba wametajwa wanawake waliokuwa wanatazama kwa mbali, na yule mama wa wana wa Zebedayo katajwa yupo. Mistari michache juu yake imeandikwa wanyang'anyi wawili walisulubiwa pamoja naye, mmoja mkono wa kuume na mmoja mkono wa kushoto. Mama kasimama anaziangalia zile nafasi mbili alizoziombea watoto wake. Niliposoma hivyo nilifunga Biblia nikaenda jikoni nikakaa. Na ukienda Matendo 12 huyo Yakobo mwanawe Herode alimuua kwa upanga, kwa hiyo kikombe alikinywea kweli.

Basi nikaanza kuziangalia upya hizi aya tulizozibandika kila mahali. Wafilipi 4:13, nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu, iko kwenye bajaji, iko kwenye kava za daftari, iko kwenye fulana za maafali, mwanangu nilimwandikia kwenye rula. Paulo aliyeandika alikuwa amefungwa, na mstari wa 11 na 12 anasema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo, anajua kudhiliwa, anajua kufanikiwa, anajua kuona njaa. Hayo "mambo yote" anayoyaweza na kulala njaa imo! Mbona hiyo hatuipigi chapa. Ile nyingine ya Yeremia 29:11, nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, hiyo ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, mstari wa juu yake umesema itachukua miaka 70, na kabla ya hapo wameambiwa wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake. Mtu mzima aliyeisikia ile barua siku ile alijua kwao harudi. Sisi tunampa mtoto wa miaka 17 asubuhi ya mtihani wa hesabu.

Na kuna moja iko kitabu hichohicho cha Yeremia, sura ya 45, Baruku yule karani aliyekuwa anaandika maneno ya nabii, amechoka, analalamika, anaambiwa je unajitafutia mambo makuu? Usiyatafute. Akaahidiwa roho yake tu, atabaki hai, basi. Nitafutieni kanga yenye huo mstari ninunue doti mbili.

Sisi Walutheri ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kwenye huu ugonjwa kwa kweli. Luther mwenyewe baba yake alimtaka awe mwanasheria. Mzee Hans alikuwa mtu wa machimbo ya shaba, kajikamua, kamsomesha mtoto Erfurt mpaka akapata shahada ya uzamili 1505, akamwanzisha sheria, mwezi wa saba mwaka huohuo kijana akakutwa na radi njiani karibu na Stotternheim, akaogopa, akaapa akipona atakuwa mtawa, na baada ya kama wiki mbili akaingia monasteri. Mzee alikasirika mpaka basi. Hata 1507 alipokuja kwenye misa ya kwanza ya mwanawe alimuuliza mbele ya watu kama hajasoma ile amri ya kumheshimu baba na mama. Namwelewa yule mzee kuliko wachungaji wanavyomwelewa, ada ile alilipa yeye.

Halafu Luther huyohuyo baadaye alisema utawa haumpandishi mtu kwa Mungu, kila kazi halali inayomsaidia jirani ni wito, mjakazi anayefagia nyumba anao, na 1522 aliandika kwamba baba akifua nepi za mtoto wake kwa imani watu wakamcheka, Mungu na malaika wote wanatabasamu. Nepi! Tukifundisha kipaimara tunakaririsha amri na sala, hii tunaipita, halafu mtoto akikua tunamwambia wito ni udaktari na uchungaji na ikishindikana ualimu.

Na ualimu wenyewe nao tunausema kwa pua. Nilipoona habari za Bruda Peter Tabichi wa Kenya mwaka 2019 nilijiona mjinga. Mtawa wa Kifransisko, alikuwa anafundisha hesabu na fizikia shule ya kutwa ya Keriko huko kijiji cha Pwani, Nakuru, kompyuta moja na intaneti ya kusuasua, asilimia 80 ya mshahara wake alikuwa anawapa wenye shida, na wanafunzi wake wakafuzu kwenda mashindano ya sayansi Arizona. Akapewa tuzo ya mwalimu bora duniani pale Dubai, dola milioni moja. Mimi kama ningekuwa mama yake, kabla ya Dubai ningemwambiaje watu wa jumuiya? Ningesema mwanangu yuko kijijini kwa muda, anasubiri awamu ya pili. Na hapa naogopa kidogo kumtaja maana mtu atasema umeona, ukitumika Mungu anakulipa dola. Walimu wa namna hiyo wako wengi, wengi wao watastaafu bila kupanda ndege, na kazi yao ilikuwa ileile.

Narudi kwa mwanangu. Baba yake alimpeleka VETA, chuo cha ufundi, akasoma kuchomelea, mimi nilitoa nauli huku nimenuna. Sasa hivi ana kibanda Kihonda, wako wawili na mwenzake, wanatengeneza mageti, madirisha ya grili, vitanda vya chuma, juzi wametengeneza kiti cha magurudumu cha mtoto wa mtaa ule kwa mabomba ya baiskeli mbili mbovu, walilipwa elfu kumi ambayo hata vyuma haifiki. Ameshaninunulia jiko la gesi. Kanisani anakuja, anakaa nyuma karibu na spika.

Sasa sikia aibu yangu ya pili. Mwezi uliopita mchungaji kanipigia, sikukuu ya mavuno kutakuwa na kipengele cha vijana waliojiajiri, wanamtaka mwanangu aje mbele atoe ushuhuda, na mama yake asimame naye. Mhariri, nilivyofurahi! Mimi huyu niliyeandika yote hayo hapo juu. Siku ileile nilipeleka kitambaa kwa fundi cherehani, nikaanza kupanga maneno kichwani, nitaanzia kwenye ile foo ili watu washangae vizuri, nitamwangalia na yule mama wa awamu ya pili.

Jioni nikamweleza kijana. Alikuwa ananawa, mikono ina masizi, akaniangalia akasema mama, na mwezi ujao nikikosa kazi mtaniita nirudi mbele niseme? Hakusema kwa hasira. Akajifuta akaomba chakula.

Sijamjibu mpaka leo. Nilimuuliza baba yake, akasema "si umwache", yuleyule na neno lake. Nikamuuliza mzee mmoja wa kanisa ninayemwamini akasema ushuhuda ni wa kumtukuza Mungu usiufikirie sana, lakini nikamwambia mzee, mbona hatujawahi kumwita mtu aje amtukuze Mungu na foo yake? Akanyamaza, akasema watu hawatajua wapige makofi au wasipige.

Kwa hiyo wachungaji mnaosoma gazeti hili naomba lile swali la kijana mnijibie nyie, muandike hapahapa nitalisoma. Sikukuu ni Jumapili ijayo. Yeye kasema atakuja, ameshatengeneza stendi ya chuma ya kuwekea mafungu ya ndizi ya mnada, ameileta usiku ameiacha kwa mlinzi. Gauni langu liko tayari limening'inia mlangoni, na sijui kama nitalivaa.

Mama Zebedayo,
Morogoro