Wanafunzi waandike vigeu kabla ya kushika saa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisumbua kila ninaposahihisha ripoti za majaribio ya fizikia kuhusu mwendo. Wanafunzi wengi hupima muda wa pendulamu, yaani kitu kizito kinachobembea kwenye uzi, kwa uangalifu mkubwa, lakini ukiwauliza ni kitu gani walichokibadilisha makusudi, ni kipi walichokipima na ni vitu gani walivyovizuia visibadilike, hukaa kimya. Vitu hivyo ndivyo vigeu vya jaribio.

Mwanafunzi mmoja alifunga jiwe dogo kwenye uzi, akapima muda wa mibembeo 20, kisha akafunga jiwe kubwa kwenye uzi uleule na kuhitimisha kwamba tungamo likiongezeka, muda nao huongezeka. Hakujua kwamba urefu wa pendulamu hupimwa kutoka uzi unaponing'inizwa hadi katikati ya jiwe, wala si hadi kwenye fundo, hivyo jiwe kubwa lilikuwa limeirefusha pendulamu bila yeye kutambua. Kigeu alichodhani amekidhibiti ndicho kilichompotosha, na kosa hilo, kwa maoni yangu, lina mafunzo mengi kuliko jibu sahihi lililonakiliwa ubaoni.

Pendulamu ya mita 1 huchukua takriban sekunde 2 kwenda na kurudi, na ile ya sentimita 25 takriban sekunde 1, mradi pembe ya kuiachia iwe ndogo. Nawasihi walimu wenzangu wawaachie wanafunzi waugundue uhusiano huo wenyewe, wakiwa wameandika kwanza kigeu huru (wanachokibadilisha), kigeu tegemezi (wanachokipima) na vigeu vinavyodhibitiwa (wanavyovizuia visibadilike).

Mwalimu wa fizikia,
Morogoro