Barua ya wazi kwa Mtendaji Mkuu wa BRELA: tufungulieni daftari tuwajue wenye kampuni

Ndugu Afisa Mtendaji Mkuu, na Msajili wa Makampuni,

Salaam. Nimeamua kukuandikia hapa hadharani kwasababu jambo lenyewe sio langu peke yangu, wengi watakaosoma hapa washawahi kuingia ofisi ya mtu wakaona cheti cha BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara na kampuni, kwenye fremu ukutani wakasema aah hawa wako vizuri, wamesajiliwa, wakatoa hela au wakasaini mkataba wa kazi palepale bila kujua aliye nyuma ya hiyo fremu ni nani.

Mimi nina steshenari hapa Dar, natoa kopi, nachapa, na nawajazia watu fomu za ORS, ule mfumo wenu wa kusajili mtandaoni. Nakumbuka enzi za kupanda ofisini kwenu pale Jengo la Ushirika Mnazi Mmoja na bahasha mkononi, kwaiyo mfumo ulipokuja 2018 tulishukuru na mpaka leo nashukuru, mtu wa Sumbawanga anasajili kampuni yake bila kupanda basi. Hilo mmelifanya na lionekane. Ila kwa kukaa kwenye hii kiti nimeona kitu kinaniuma sana, yani watu hawazijui kampuni. Na sisemi wa mtaani tu, hata aliyeianzisha haijui, anayefanya kazi humo haijui, anayenunua kwake ndo kabisa.

Nianze na wenyewe wenye kampuni. Anakuja kijana ana haraka, dada nifungulie kampuni kuna tenda iko NeST, mfumo wa tenda za serikali, inafungwa Ijumaa. Namuuliza kampuni ya shughuli gani, ananiambia weka zote, ujenzi, usafi, kilimo, madini, ushauri, weka tu. Hisa je? Weka mimi 90 mama 10. Mama anajua? Nitamwambia. Namba ya NIDA ya mama, ya kitambulisho cha taifa, anayo kwenye simu, na majibu ya yale maswali ya NIDA anayo pia maana ni mwanae, shule ya msingi aliyosoma mama yake anaijua, jina la bibi yake analijua. Nikamwambia mimi sijazi mpaka mama aje. Mama akaja kweli, mtu mzima, kajitanda khanga yake, akakaa kwenye benchi, nikamsomea. Akaniuliza, "Mwanangu, kwani mimi hapa namdhamini mkopo?" Alikuwa anajua anaenda kumdhamini mtoto wake benki. Nikamwelezea kwamba hapana mama, hapa unakuwa mwenye hisa na mkurugenzi, kila mwaka kuna ritani, taarifa ya mwaka ya kampuni, inatakiwa ipelekwe BRELA hata kama kampuni haijauza hata kalamu, kuna TRA, na kampuni ikishtakiwa karatasi zinaweza zikakufikia na wewe. Akakaa kimya muda, halafu akamgeukia mwanae akamwambia, "Sasa si ungeniambia baba?"

Huyo aliletwa kwasababu nilikataa kujaza. Je ambao hawaletwi? Kuna kina mama, mashemeji, madereva, hausigeli, walioandikwa wakurugenzi wa kampuni na hawana habari, watakuja kujua siku TRA au polisi wamepiga hodi. Na hao vijana wengine nao wanaandikana hamsini kwa hamsini kwa urafiki, memati, yani katiba ya kampuni, wameikopi kwa mtu hawajasoma hata ukurasa mmoja, biashara ikianza kuingiza hela ndo wanakuja kuniuliza dada hivi kwenye karatasi zetu inasemaje mmoja akitaka kutoka. Karatasi inasema kilichokuwa kwenye ile ya kwanza waliyokopi, ya watu wengine kabisa.

Sasa wafanyakazi, hapa nikae kidogo maana ndo pananiuma zaidi. Alikuja mlinzi mmoja kaachishwa kazi, anataka nimchapie fomu ya CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Nikamuuliza mwajiri wako anaitwa nani, akanionyesha maandishi ya mgongoni kwenye yunifomu. Nikamwambia lete mkataba, mkataba una jina lingine. Nikamwambia fungua meseji za mshahara, huko jina la tatu. Geti alilokuwa analinda lina bango la mradi, jina la nne. Mtu kalinda pale miaka, mvua na jua, na hajui aliyemwajiri ni nani kisheria! Na sio mjinga, ni jinsi mambo yalivyopangwa. Ukiachishwa kazi na unapinga una siku 30 tu kufika CMA, ukiandika jina la kwenye yunifomu wakati kampuni yenyewe imesajiliwa kwa jina lingine, wakili wa upande wa pili anasimama anasema mteja wangu hamjui huyu mtu, shauri linaweza likatupwa, urudi uanze upya na ombi la kuongezewa muda, na nauli ya kwenda na kurudi unaitoa wewe ambaye mshahara umekatwa. Afu uje kwenye NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ule mchango wa asilimia 20 wa mwajiri na mfanyakazi, mtu anakatwa sehemu yake kila mwezi kwenye mshahara, siku anaenda kuulizia anaambiwa hakuna kilichoingia, anauliza nimdai nani, anarudi kwenye jina la kwenye yunifomu. Angekuwa na uwezo wa kuandika jina la kwenye bango kwenye simu yake akaona hii ni jina la biashara tu la fulani, au hii ni kampuni namba fulani na wakurugenzi ni hawa, asingezungushwa.

Na hii tofauti ya jina la biashara na kampuni watu hawaijui kabisa. Jina la biashara ni la mwenyewe, deni ni lake na yeye, kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria, ukiidai haina kitu basi mara nyingi umeishia hapo. Mtu anakopesha mzigo wa milioni kumi Kariakoo hajui anamkopesha yupi kati ya hao wawili.

Kwenye wanunuzi na wanaojiunga sina haja ya kueleza sana, nchi nzima inakumbuka upatu wa DECI. 2009 watu walikuwa wanapanga foleni Mabibo kupanda mbegu, hela ndo ilikuwa inaitwa mbegu, wavune baada ya miezi, na ukiwauliza jibu lilikuwa mbona wana makaratasi. Kesi ikaenda Kisutu, viongozi wake wakatiwa hatiani 2013, mbegu za watu ziliishia huko. Ikaja ile ya Mr Kuku 2020, kampuni kabisa, unatoa hela unafugiwa unaletewa faida, nayo ikaishia mahakamani kwa upatu. Halafu Novemba 2024 Benki Kuu ikatoa orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zinazofanya kazi bila leseni, hizi za kausha damu, zinazokupigia mpaka namba za wakwe zako ukichelewa kulipa. Kila mara onyo linakuja watu washatoa hela. Na kila mara utasikia lile neno, wamesajiliwa. Kusajiliwa BRELA maana yake kampuni ipo, basi. Haina maana imeruhusiwa kupokea amana, hiyo ni kazi ya Benki Kuu, wala kuuza bima, hiyo ni TIRA, wala kuuza hisa kwa umma, hiyo ni CMSA. Wewe unalijua hili, mimi nalijua, aliyetoa hela ya ada ya mtoto akaipeleka kwenye upatu halijui, na anayemchukulia hela anajua kwamba halijui ndomaana fremu anaiweka karibu na mlango.

Na tusidhani ni shida ya wanyonge tu. Serikali yenyewe na wanasheria wake wote ilishanunua kwa kampuni isiyoijua. Richmond, 2006, nchi iko gizani, mkataba wa umeme wa dharura megawati 100 ukapewa kampuni iliyojitambulisha ni ya Houston, Texas, kamati ya Bunge ya Dkt. Mwakyembe ikaja kuonyesha kwamba haikuwa na uwezo wala uzoefu wa kazi hiyo, na Februari 2008 Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu. Na EPA je, ile akaunti ya madeni ya nje pale Benki Kuu? Kampuni 22 zilichota shilingi bilioni 133 Benki Kuu mwaka 2005/06, mojawapo Kagoda, iliyosajiliwa 2005 hiyohiyo na ikaondoka na zaidi ya dola milioni 30. Miaka na miaka bungeni na kwenye magazeti watu wakawa wanauliza Kagoda ni nani. Naomba ulifikirie hilo swali kwa uzito wake ndugu Mtendaji Mkuu, kampuni iliyosajiliwa hapa hapa, ina faili hapa hapa, na nchi inaulizana mwenye nayo ni nani.

Najua tumepiga hatua. Sheria ya Fedha ya 2020 ilileta kipengele cha wamiliki manufaa, kanuni zikatoka 2021, na mimi mwenyewe huwa najaza hiyo sehemu kwenye fomu za wateja, binadamu halisi anayenufaika mwisho wa safari ni nani. Safi kabisa. Lakini hiyo taarifa ikishaingia inabaki kwa vyombo vya serikali, mlinzi wangu haioni, mama muuza mitumba haioni, mwandishi wa habari haioni. Hata majina ya wakurugenzi na wenye hisa, ambayo sheria ya makampuni haijawahi kuyafanya siri, lazima ufungue akaunti, uombe, ulipie. Kwa wakili hiyo ni hela ndogo. Kwa mtu aliyeachishwa kazi jana sio ndogo, na zaidi ya hela hajui hata kama hiyo njia ipo.

Ninachoomba ni hiki. Tovuti na simu ya kitochi, mtu yeyote aandike jina au namba ya kampuni, aone bure kwa Kiswahili: imesajiliwa lini, bado ipo au imefutwa, ritani ya mwisho ilipelekwa mwaka gani, wakurugenzi ni nani, wenye hisa ni nani, mmiliki manufaa ni nani. Uingereza daftari lao liko wazi bure mtandaoni tangu 2015, na kuanzia 2016 wanaonyesha na watu wenye zaidi ya asilimia 25. Najua Ulaya mahakama yao ilirudisha nyuma kidogo 2022 kwa hoja ya faragha, na sisi tuna sheria yetu ya taarifa binafsi ya 2022, naiheshimu, siombi namba ya NIDA ya mtu wala simu yake wala anapolala. Naomba jina. Mtu aliyechagua kufanya biashara kwa mgongo wa kampuni, ambao sheria ndo imempa na unamkinga na madeni, jina lake lijulikane, hiyo sio kumwonea. Na kwenye madini, mafuta na gesi sheria ya uwazi ya 2015 tayari inataka majina ya wamiliki yatangazwe, kwanini kwenye kampuni inayochukua hela za kikoba isiwe hivyo?

Lingine ni la yule mama wa khanga. Leo nikibonyeza *106# naona laini zote za simu zilizosajiliwa kwa NIDA yangu, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wamefanya, na watu wengi wamekuta laini za watu wasiowajua wakazifuta. Naomba na sisi tuwe na namba ya kubonyeza tuone kampuni zote ambazo NIDA zetu zimeandikwa humo, mkurugenzi, mwenye hisa, katibu, yoyote. Na siku mtu anaingizwa, meseji iende kwenye laini yake mwenyewe, sio namba aliyoiandika mjazaji, imwambie umewekwa mkurugenzi wa kampuni fulani, kama hukubali jibu hapana, na usajili usimame mpaka ajibu. Itachelewesha siku moja mbili, wateja wangu watanilalamikia, wacha walalamike.

Na kwenye cheti chenyewe, kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili, sio chini kabisa kwenye maandishi madogo, naomba paandikwe kwamba cheti hiki kinathibitisha usajili tu na sio kibali cha kupokea amana wala michango ya watu, kwa hilo ulizia leseni ya Benki Kuu. Iwe kubwa kiasi kwamba ikiwekwa kwenye fremu mtu aliyesimama kaunta anaisoma bila kuvaa miwani.

Nipo tayari kuja ofisini kwako au kwa afisa yeyote utakayempanga, nikae naye mezani nimuonyeshe jinsi watu wanavyojaza hizi fomu kila siku na wapi wanapoumizwa. Na wenzangu wa masteshenari wengine wapo watakaokuja, nimeshaongea nao.

Wako katika kazi,
Mjaza fomu, Dar es Salaam