Mzazi Mkristo afungue kitabu kabla ya kununua mtaala wa nyumbani

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwazungumzie wazazi wenzangu Wakristo ambao wanawasomesha watoto wao nyumbani, au wanaofikiria kufanya hivyo. Hatuko wengi, lakini katika makanisa ya mijini si ajabu tena kumsikia mama mmoja akimwuliza mwenzake baada ya ibada, "Nyinyi mnatumia mtaala gani?" Jibu huwa ni jina la kampuni ya Marekani, likifuatwa na hakikisho kwamba vitabu vyake vina mtazamo wa Kibiblia. Mazungumzo huishia hapo, pesa zikatumwa na vitabu vikaagizwa. Kwa maoni yangu huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mtazamo wa Kibiblia ni jambo ambalo mzazi mwenyewe anaweza kulipima, akiwa na Biblia yake upande mmoja na kitabu kinachouzwa upande wa pili, kabla hajatoa hata shilingi.

Nasema haya nikiwa ninawasomesha wangu nyumbani, kwa hiyo sipingi jambo lenyewe. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inamkabidhi mzazi kazi ya kuwafundisha watoto maneno ya Mungu aketipo nyumbani na atembeapo njiani. Haimkabidhi mchapishaji. Inashangaza basi kwamba baada ya kumtoa mtoto shuleni kwa sababu hiyo, tunaiachia kampuni iliyo ng'ambo iamue Biblia inasema nini kuhusu historia, sayansi na mataifa mengine, nasi tunabaki kuwa wasimamizi wa mtihani.

Mtaala unaojulikana zaidi katika mazingira yetu ni ule wa Accelerated Christian Education, au ACE, ulioanzia Texas mwaka wa 1970. Mtoto hapewi kitabu kimoja kikubwa cha mwaka, bali vijitabu, kwa kawaida 12 kwa kila somo, na kila kijitabu humalizika kwa mtihani unaodai angalau asilimia 80 ndipo aendelee na kinachofuata. Anajiwekea lengo la kurasa za siku, anasoma kimya kwenye meza yake, anajisahihisha kwa kitabu cha majibu, na katika vituo vinavyofuata mfumo huo kikamilifu huinua kibendera kidogo anapohitaji msaada. Kwa mzazi mwenye watoto watatu wa umri tofauti na kazi ya kufanya, mpangilio huu ni afueni kubwa, na sitamlaumu anayeuchagua kwa sababu hiyo. Abeka, ya Pensacola huko Florida, hutilia mkazo kukariri na mazoezi ya mara kwa mara. Sonlight huwataka wazazi na watoto wasome pamoja vitabu vingi vya hadithi na maisha ya watu. Wafuasi wa Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka wa 1923, humsomea mtoto kisa mara moja tu, kisha wanamwachia akisimulie kwa maneno yake mwenyewe.

Tofauti hizo si za mbinu pekee. Nyumbani kwetu tuliwahi kuwa na kijitabu cha kujaza mapengo kilichouliza Naamani alijichovya mara ngapi katika Yordani. Mtoto aliandika "saba", akapata alama, akafungua ukurasa mwingine. Baadaye nilimsomea binti yangu wa miaka tisa sura hiyo ya 5 ya Wafalme wa Pili kutoka kwenye Biblia ya Kiswahili, nikamwambia anisimulie. Alimtaja jemadari kwa haraka, akakaa muda mrefu kwa yule kijakazi mdogo aliyetekwa vitani, akashangaa kwa nini mtoto aliyeporwa kwao alimtakia mema bwana aliyemmiliki. Swali hilo halikuwamo kwenye kijitabu, na sioni pengo ambalo lingeweza kulibeba. Aya ya Biblia ikichapishwa juu ya ukurasa wa mazoezi haimfundishi mtoto kufikiri Kikristo ikiwa kazi inayofuata haimdai afikiri.

Hata hivyo, kipimo kikubwa zaidi ni kile ambacho kitabu kinasema kuhusu mwanadamu. Chuo Kikuu cha Bob Jones, kilichoko Greenville, South Carolina, hakikuwapokea wanafunzi weusi hadi mwaka wa 1971, na marufuku yake ya uchumba kati ya wanafunzi wa rangi tofauti haikuondolewa hadi mwaka wa 2000. Marufuku hiyo ilitetewa kwa Biblia. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka wa 1983 majaji wakaamua kwamba serikali ilikuwa na haki ya kukinyima chuo hicho msamaha wa kodi. BJU Press, mojawapo ya wachapishaji wanaojulikana sana miongoni mwa familia zinazosomesha nyumbani, ilizaliwa na chuo hicho hicho. Vivyo hivyo, vibonzo vilivyokuwa katika vijitabu vya ACE viliwaonyesha watoto Wazungu wakiwa katika shule moja na watoto weusi katika shule nyingine, kana kwamba ndivyo Mungu alivyopanga.

Sitaji haya ili kumchafulia mtu jina. Chuo cha Bob Jones kiliomba radhi hadharani mwaka wa 2008, na toba tunaiheshimu. Vitabu vya sasa vihukumiwe kwa yaliyomo sasa. Lakini wale walikuwa watu waliosoma Biblia kila siku na ambao hawakuwa na shaka yoyote kwamba mtazamo wao ulikuwa wa Kibiblia, na bado walipotoka katika jambo ambalo Matendo 17:26 inalisema waziwazi, kwamba Mungu aliyafanya mataifa yote ya wanadamu kutoka kwa mmoja. Ikiwa hilo liliwezekana kwao, basi mzazi wa Kisumu au Machakos ana kila sababu ya kutoridhika na maneno ya jaladani.

Kwa hiyo ninawashauri wazazi waanze na kitabu cha historia, kabla ya hisabati na kabla hata ya somo la Biblia. Tafuta Afrika ndani yake. Mara nyingi utakuta Misri ya Mafarao, biashara ya utumwa, na wamisionari wakiongozwa na David Livingstone, kisha basi. Angalia kama mwandishi anajua kwamba Simoni aliyebeba msalaba alitoka Kirene, ambayo iko katika Libya ya leo. Kwamba towashi wa Matendo sura ya 8 alikuwa Mwethiopia. Kwamba Athanasio alikuwa askofu wa Aleksandria nchini Misri na Augustino wa Hippo katika Algeria ya leo, na kwamba Mfalme Ezana wa Aksum, katika Ethiopia ya leo, aliupokea Ukristo katika karne ya 4, wakati sehemu kubwa ya kaskazini ya Ulaya haijaisikia Injili. Kisha uliza kama kuna lolote kuhusu kwetu: mmisionari Krapf kufika Mombasa mwaka wa 1844 na mwenzake Rebmann kuungana naye miaka miwili baadaye, makazi ya watumwa walioachiliwa huru pale Frere Town karibu na Mombasa, vijana Wakristo waliochomwa moto Namugongo nchini Uganda tarehe 3 Juni 1886, uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1930 na 1940, na Wakikuyu Wakristo waliouawa katika miaka ya 1950 kwa kukataa kula kiapo cha Mau Mau. Mtoto asiyefundishwa haya atakua akidhani Ukristo ulitufikia kama vitabu vyake vilivyotufikia, ndani ya katoni kutoka Marekani.

Sayansi nayo inahitaji macho. Wengi wa wachapishaji hawa hufundisha kwamba dunia iliumbwa kwa siku sita za saa 24, miaka elfu chache iliyopita, na huipinga nadharia ya mageuko ya viumbe moja kwa moja. Wakristo hawakubaliani wote kuhusu umri wa dunia, na sitajaribu kuumaliza mjadala huo katika barua. Ninachosema ni kwamba mtoto wa Kenya hawezi kulikwepa swali hili kama pengine mtoto wa Florida anavyoweza. Mifupa ya yule kijana wa Turkana, binadamu wa kale, iligunduliwa Nariokotome mwaka wa 1984 na Mkenya mwenzetu, marehemu Kamoya Kimeu, na wanasayansi wanakadiria umri wake kuwa takriban miaka milioni 1.5. Iko katika Makumbusho ya Kitaifa jijini Nairobi, ambako watoto hupelekwa kwa mabasi. Mnamo 2006 baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili walipinga jinsi mifupa ya aina hiyo ilivyokusudiwa kuonyeshwa. Mzazi awe na msimamo wowote, mtaala anaouchagua sharti umweleze mtoto wanasayansi wanasema nini hasa na kwa ushahidi gani, kwa namna ambayo mwanasayansi mwenyewe angekiri kuwa ameelezwa kwa haki. Toleo la zamani la kitabu kimoja cha biolojia cha ACE lilimtumia yule mnyama anayedaiwa kuishi katika ziwa Loch Ness huko Scotland kama hoja dhidi ya mageuko; hoja ya namna hiyo ikivunjika mikononi mwa kijana wa miaka 19 huko chuo kikuu, haivunjiki peke yake. Danieli na wenzake watatu walisoma elimu na lugha ya Wakaldayo miaka mitatu, wakawapita waganga na wachawi wote wa ufalme ule, na wenzake hao hawakuisujudia sanamu ya mfalme.

Kuhusu hisabati sina maneno mengi. Hesabu za dola, maili na paundi si dhambi, ila zinachosha. Mtoto anayesoma kwamba maji huganda kwenye digrii 32, kwa kipimo cha Wamarekani cha Fahrenheit, huku akijua kuwa digrii 32 ni jua la mchana la Mombasa, atahitaji mzazi aliye karibu. Ukichoka kubadilisha vipimo, nunua kitabu cha hisabati kilichoidhinishwa hapa nchini. Kujumlisha ni kujumlisha.

Kiswahili ni suala zito zaidi, na nadhani wasomaji wa gazeti hili wataniunga mkono. Mitaala hii ya Marekani haikifundishi. Nimekutana na watoto wa umri wa Gredi ya 6 wanaoweza kukariri sura nzima za Biblia kwa Kiingereza, lakini wakiombwa kusoma zaburi katika ibada ya mazishi ya babu yao kijijini wanatafuta pa kujificha. Miundo ya mtaala ya Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala, yaani KICD, inapatikana bila malipo kwenye intaneti, na vitabu vya kiada vya Kiswahili viko katika kila duka la vitabu. Ibada ya asubuhi nyumbani ikifanywa kwa Kiswahili, na watoto wakisimulia kilichosomwa, nusu ya kazi imekwisha kabla ya chai.

Limebaki jambo ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ni njia ya kutokea. Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Wapo wazazi waliojikuta mbele ya mahakama kwa sababu ya masomo ya nyumbani, kwa hiyo ushauri wa wakili utafutwe kabla ya ushauri wa rafiki wa ushirika. Alama za kuingia sekondari ya juu sasa zinatokana na KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, tathmini za shuleni za Gredi za 7 na 8, na KJSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 9. Mtoto aliyemaliza vijitabu vyote vya Texas kwa asilimia 95 hana hata moja kati ya hizo. Baadhi ya familia hukata shauri la IGCSE, mtihani wa kimataifa wa sekondari wenye asili ya Uingereza, ambayo mtahiniwa wa kibinafsi anaweza kuifanya, na hilo humaanisha kuchagua vitabu kwa kuangalia silabasi hiyo angalau kuanzia umri wa miaka 13 au 14. Wengine hutegemea cheti cha mtaala wenyewe, na hao ninawasihi waiulize Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kitaaluma, KNQA, cheti hicho kinalingana na nini hapa nchini, tena waulize kwa maandishi na wakati mtoto angali mdogo. Kumlea mtoto katika kumcha Bwana kisha kumfungia mlango wa chuo kwa uzembe wa karatasi si jambo la kusingizia imani.

Mwisho, Mhariri, nina ombi kwa makanisa yenyewe. Wamisionari wa kanisa la Marafiki (Quakers) waliingia Kaimosi mwaka wa 1902, shule ya Maseno ilianzishwa mwaka wa 1906, na shule ya Alliance ikaanzishwa na makanisa ya Kiprotestanti kwa pamoja mwaka wa 1926. Taasisi zilizoelimisha kizazi baada ya kizazi cha Wakenya zina kumbukumbu, walimu waliostaafu na mitambo ya kuchapisha. Haziombwi zibuni mtaala mzima. Zikitutolea kitabu kimoja cha historia ya Kanisa katika Afrika, kwa Kiswahili sanifu, cha watoto wa miaka 9 hadi 13, chenye ramani na picha na bei ambayo mwalimu wa Jumapili anaweza kuimudu, familia yangu itakinunua siku kitakapotoka, na sidhani tutakuwa peke yetu dukani.

Mzazi anayesomesha nyumbani,
Nakuru