Kundi la 1997 lingali jukwaani

Mhariri,

Kila gumzo la makundi ya wasichana ya Japani likizuka, hakosi wa kusema kwamba yale ni kiwanda cha sura: mmoja akichuja anatupwa, mwingine anachomekwa. Anayeijua Morning Musume hasemi hivyo. Wanaoendesha vikundi vya densi hapa Kisumu, kuanzia Kondele hadi Nyalenda, wana cha kuchota kwao.

Kwanza, kundi lile lilianzishwa na walioshindwa. Mwaka 1997 kipindi cha televisheni cha Asayan kilimsaka mwimbaji wa roki. Watano waliobwagwa, mdogo akiwa na miaka 12 na mkubwa 24, wakapewa mtihani mwingine: uzeni sidii 50,000 kwa siku tano, mkononi kwa mteja, ndipo mpate mkataba. Siku nne ziliwatosha. Januari 1998 walizinduliwa rasmi, na mwaka haukwisha kabla ya kuongezewa wenzao watatu. Hadi leo vizazi, yaani awamu za wanachama wapya, zaidi ya 15 vimepokewa. Tangu 2014 jina la kundi hubandikwa mwaka, kwa hivyo ukitazama video hubahatishi ni safu ipi.

Kuondoka kwao ndiko kunakonifanya niwavulie kofia. Wao hawasemi mtu ameacha, husema amehitimu. Tarehe hutangazwa mapema, shoo ya kuaga huandaliwa, na sehemu alizokuwa akiimba hugawiwa wanaobaki. Mizuki Fukumura aliingia Januari 2011, akashika uongozi mwishoni mwa 2014 akiwa na miaka 18, akahitimu Novemba 2023. "Love Machine" ya 1999 imeshaimbwa na wasichana ambao haikuwakuta duniani, kwa sababu wimbo ni wa kundi. Kwetu wimbo ni wa aliyeuimba. Akipata kibarua Nairobi anapanda nao basi, na waliobaki wanaanza kutafutana kwa simu.

Watakaouliza ukakamavu huo unafunzwaje, waanzie kwenye hesabu. Mtunzi wao, Tsunku, huwasisitizia kuhisi vipande 16 ndani ya mapigo manne. Si jambo la kutisha. Weka metronomu ya simu, ile programu ya kugonga mapigo, kwenye 80 kwa dakika, kisha kwa kila pigo tamka neno "pilipili". Pilipili nne ni vipande 16. Sasa piga kofi kwenye ile "li" ya mwisho tu. Hapo ndipo wengi huchemka: kofi hukimbilia pigo linalofuata, kwa kuwa magoti yameganda na mtu anahesabu kwa kichwa pekee. Shusha hadi 60, kunja magoti kila pigo, ndipo upandishe tena. Aliyekulia kwenye gitaa la benga hushika haraka, nadhani kwa sababu sikio lake limeshazoea vipande vidogo vidogo.

Halafu kuna sakafu. Kuanzia 2012 kundi hili limesifika kwa densi ya kubadilisha mipangilio, watu wakipishana kama nyuzi za mkeka bila kugongana. Siri haiko kwenye macho. Ukingo wa jukwaa hutiwa namba: sifuri katikati, kisha moja, mbili, tatu kwenda kila upande. Mchezaji hukariri namba yake, hakariri jirani yake. Anayejifunza kwa "nasimama kushoto kwa fulani" hupotea siku huyo fulani anapoondoka. Wakiwa kumi mstarini, sifuri hubaki wazi na wawili huizingira. Wakibaki tisa, mmoja huikanyaga na wote husogea nusu nafasi. Hiyo nusu ndiyo huvunja wimbo mzima, maana viwiko vilivyokuwa vikipishana sasa vinakutana. Hivyo mtu mmoja akitoka, nyimbo za zamani zipangwe upya moja moja, hata zile ambazo hakuwa na mstari wake peke yake.

Tsunku mwenyewe alitangaza Aprili 2015 kwamba ameondolewa nyuzi za sauti kwa sababu ya saratani ya koo. Kundi bado linaimba nyimbo mpya anazolitungia. Hapo sina la kuongeza.

Kikundi kitakachojaribu namba hizi kwenye ukumbi wa kukodi kiache mita moja kati ya alama na alama kwa kuanzia, kisha kipunguze nafasi hiyo wachezaji wakizoea. Kitumie tepu ya karatasi ya wapaka rangi wa magari. Tepu nyeusi ya umeme huacha ulimbo sakafuni, na mwenye ukumbi atadai pesa za kuusugua.

Mpenzi wa Morning Musume,
Kondele, Kisumu