Barua kwa Mwanahamisi: mshale umegoma kwenye 87

Kwa shoga yangu Mwanahamisi,

Assalaam alaykum. Hujambo mwenzangu? Shemeji hajambo, watoto hawajambo, na bibi ule mguu umepoa? Sisi huku Tanga wazima. Baba Hafidh anakusalimu, na Mama Nuru kaniagiza nikwambie kanga zako zimefika, lakini moja kaipenda mwenyewe, kwa hiyo usiihesabu tena.

Najua unanidai jibu. Uliponiuliza kwenye simu "vipi kilo?" nilikutumia picha ya Hafidh na kombe lake la shule, nikanyamaza. Jambo hili halijibiki kwa neno moja, na nilitaka nipate mahali pa kulieleza lote. Leo watoto wako madrasa, nyumba imetulia, nimekaa.

Shoga, zimegoma. Tangu Mfungo Tatu, baada ya Idi Kubwa, mshale wa mizani uko kwenye kilo 87. Sasa tumeshafika Mfungo Sita, watu wanasoma Maulidi kila mtaa, na mimi 87. Siku nyingine 86 na nusu, nafurahi mpaka naimba jikoni, kesho yake 88. Halafu 87 tena.

Nilianza na 97, unakumbuka. Unakumbuka na ile sukari, 6.3 kabla sijatia kitu mdomoni, na daktari akasema hiki si kisukari bado, ila tusikae tukakingoja. Wewe huhitaji kuelezwa kwa nini namba ile ilinitoa usingizi. Ulikuwepo mama alipokatwa mguu. Wewe ndiye uliyekaa naye wodini, mimi nikihangaika kutafuta mtu wa kutoa damu. Kwa hiyo mtu akiniambia "wewe unataka kuwa mwembamba kwa harusi ya Zaina," namtazama tu. Harusi itapita. Mimi nataka miguu yangu miwili.

Na kazi naifanya, Mwanahamisi. Alfajiri nikishasali nafunga viatu, natoka Chumbageni kwa miguu mpaka Raskazone na kurudi, wavuvi wameshanizoea, wananisalimia kabla sijawasalimia. Jumatatu na Alhamisi nafunga, na futari yangu ni uji usio na sukari, tende moja, samaki na mboga. Kaimati naziona zikipita. Ugali wangu ni kipande cha ukubwa wa ngumi yangu, nusu ya sahani ni mchicha au kisamvu. Wali wa nazi sijauacha, siwezi kuuacha na sitaki, lakini tui la kwanza nawawekea wengine, wangu naupikia tui la pili.

Kinachoniuma zaidi ya mshale ni watu. Ukweni tulikwenda kwenye hitima, wifi mkubwa akasema mbele ya wote, "Huyu kila siku yuko barabarani anakimbia, mbona yuko vilevile?" Mwingine akadakia kwamba labda nakula usiku wakilala. Nusra nilie mbele ya sinia la pilau. Kilo kumi nilizozitoa hakuna aliyezisema. Zimesahaulika, kama vile nilizaliwa na 87.

Basi nikaamua nijipekue mwenyewe, wasije wakawa wana haki. Nikachukua kijiko cha chakula, nikasimama juu ya sufuria, nikapima mafuta badala ya kuyamimina kutoka kwenye dumu. Kijiko kimoja cha mafuta ni kama kalori 120, kwa hiyo mkono ukiteleza kidogo umeshakula chapati ambayo hukuiona. Nikapima juma zima, kila chungu. Vijiko viwili, sufuria nzima, watu sita. Nikapima na mchele kabla ya kupikwa. Nikaandika hata kipande cha muhogo nilichoonja kwa Mama Nuru. Hakuna kilichojificha. Nilitamani kingekuwepo, ningekitoa, mambo yakaendelea.

Hapo ndipo nikampigia yule kijana wa dada yako, wa Muhimbili. Mwanahamisi, mtoto yule Mungu amjalie. Hakunicheka, hakuniuliza kama nakula usiku. Alinitumia sauti ndefu ndefu, nikazisikiliza nikichambua mchele, mara mbili mbili.

Ameniambia hivi. Kilo za mwanzo zilitoka haraka kwa sababu nyingi zilikuwa maji. Mwili unaweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo inashikilia kama gramu tatu za maji. Ukipunguza chakula akiba inatumika, maji yanatoka, mizani inashuka unashangilia. Mafuta yenyewe yanatoka polepole, kilo moja ya mafuta imebeba kama kalori 7,700. Halafu akaniambia nichukue dumu la lita kumi nilijaze maji, nilibebe kutoka bombani mpaka jikoni. Nikalibeba. Akasema hizo ndizo kilo ulizokuwa unatembea nazo kila siku mpaka Raskazone. Umezitua. Sasa safari ileile, mwendo uleule, mwili unatumia nguvu kidogo kuliko zamani. Chakula kilichokuwa kinanipunguza nikiwa na 97 ndicho kinachonitosha hasa nikiwa na 87. Mwili umelingana na sahani.

Nilinyamaza muda mrefu baada ya kusikia hilo.

Na si hivyo tu. Anasema mwili ukiona akiba inapungua unabana matumizi zaidi ya inavyostahili. Kuna homoni inatoka kwenye mafuta yenyewe, inaitwa leptini, inauambia ubongo kwamba akiba ipo. Mafuta yakipungua nayo inapungua, ubongo unadhani njaa imeingia nchini. Unasikia njaa zaidi, na bila kujua unapunguza kujisogeza. Nikakumbuka kweli, siku hizi nikishakaa kumenya vitunguu nakaa mpaka mwisho, zamani ningeinuka mara saba. Akanitolea mfano wa Marekani, utafiti uliotoka 2016, watu 14 waliokuwa kwenye shindano la televisheni la kupunguza uzito. Walipimwa miaka sita baada ya shindano, na miili yao ikawa inatumia kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko inavyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Miaka sita, shoga! Na wengi wao uzito ulikuwa umesharudi. Walipunguza kwa kasi ya kutisha, mazoezi saa kwa saa.

Ndiyo maana namwogopa kocha wa kundi letu la jogingi. Yeye dawa yake ni moja: acha chakula cha usiku kabisa, kula mayai mawili ya kuchemsha na matango. Anasema kwa sauti, mbele ya kundi, na wenzangu wanaitikia. Nilijaribu kwa muda mfupi, nikawa nasikia kizunguzungu pale kwenye kona ya kuelekea baharini, na nyumbani nawakaripia watoto bila sababu. Kijana anasema ukijinyima hivyo unakula na misuli yako, na misuli ndiyo inayotumia sukari. Ananitaka nifanye kinyume: nile dagaa, maharage na kunde zaidi, na nianze kunyanyua vitu vizito. Sasa jioni nachuchumaa na kuinuka na dumu la lita tano kila mkono, uani, Hafidh ananihesabia. Baba Hafidh alidhani maji yamekatika.

Zaina naye ana lake. Kaniletea unga kwenye kopo, chai ya kusafisha tumbo, eti kilo tano ndani ya juma. Nikafungua, nikanusa. Sanamaki, shoga, sanamaki ileile bibi aliyokuwa akitunywesha tukifunga choo. Itakuharisha, utapoteza maji, mizani itashuka, ukinywa maji inarudi. Mafuta hayaguswi hata chembe. Nimemrudishia kwa adabu, kanuna, na sasa anasema sitaki kupungua. Na dada yake anauliza kama nataka sindano za kupunguza uzito, anazipata kwa mtu. Kwa mtu! Dawa ya sindano bila daktari, na mimi nina historia ya sukari kwenye ukoo. Hapana.

Sasa sikiliza hili la fundi. Nilikwenda kupimwa sare ya harusi, kile kitenge cha zambarau ambacho nyote mliniambia kitanipendeza. Fundi akazungusha futi kamba kiunoni, akaitazama, akaivuta tena, akafungua daftari lake. Gauni la Idi Kubwa kaandika 41. Sasa 39. "Mama Hafidh, umepungua wewe." Na asubuhi ile ile nilikuwa nimepima, 87! Nikamwambia apime tena. Akapima, 39.

Nilifurahi, nisikufiche, nimetembea barabara nzima ya Ngamiani nikitabasamu peke yangu. Kijana anasema inawezekana kabisa, mafuta ya tumboni yanatoka na misuli inaongezeka, na misuli yenye mazoezi mapya inashika maji. Na akasema mafuta ya tumboni ndiyo mabaya zaidi kwa sukari, kwa hiyo hapo ndipo pa kutazama. Lakini akaniambia pia, bila kunificha, kwamba kwa mwanamke kiuno kikizidi sentimita 88 hatari ni kubwa, na inchi 39 ni sentimita 99. Kwa hiyo bado niko mbali. Napenda anavyonieleza ukweli.

Kuna namba nyingine aliyonipa, hiyo nimeiandika nyuma ya kalenda. Marekani walifanya utafiti mkubwa, ukatoka 2002, watu zaidi ya elfu tatu wenye sukari kama yangu. Kundi moja waliambiwa wapunguze asilimia 7 ya uzito wao na wafanye mazoezi dakika 150 kwa juma, kutembea tu kwa haraka. Waliopata kisukari kwenye kundi hilo walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko wale ambao hawakuwekwa kwenye mpango. Asilimia saba! Mimi kutoka 97 mpaka 87 nimeshapita asilimia kumi. Nimeshafika pale walipoambiwa wafike, na nilikuwa nimekaa nalia.

Lakini moyo nao una lake. Nilitaka 75. Ndiyo kilo niliyoolewa nayo, na mama ndiye aliyenifunga kanga siku ile. Kila nikiona 87 naona kuna umbali, nasikia kama namwangusha. Najua ukisoma hapa utasema "acha maneno hayo." Sijui kama nayaweza kuyaacha upesi hivyo.

Basi nimekata shauri hivi, uniambie kama nimekosea. Chakula sikipunguzi tena. Nitakaa hapa hapa kwenye 87 mpaka baada ya harusi, nishikilie, nisirudishe hata moja, kwa sababu kuzishikilia nako kunataka kazi, wale 14 wamenionesha. Kutembea naendelea, dumu naendelea. Mizani nitapanda Ijumaa tu, na mwezi nitatazama wastani, si kila asubuhi, maana zile siku zangu za mwezi nazo zinanijazia maji na kuniharibia siku nzima. Na mwezi ujao narudi kupima sukari. Hiyo ndiyo ninayoingoja. Nikiambiwa imeshuka chini ya 6, mizani iseme inavyotaka. Isiposhuka, basi nitamuuliza daktari anipime na tezi ya shingo, na nitamuuliza kuhusu ile sindano ya uzazi wa mpango ninayochoma, kwa sababu kijana kasema ipo inayoongeza uzito kwa baadhi ya wanawake. Hilo hakuna aliyewahi kuniambia, miaka yote.

Sasa haja yangu kwako. Wifi yako afisa lishe bado yuko hapo Dodoma? Nimeandika kila ninachokula kwa juma moja, nimekuambatanishia karatasi nyuma ya barua hii, usicheke mwandiko. Unaweza kumpelekea aitazame, hasa zile siku za kufunga? Atakubali kunisikiliza kwa simu? Na wewe mwenyewe, ulipopunguza baada ya kujifungua Salma, ulikwama? Ulikaa muda gani? Ulimwambia nani? Kwa Zaina, utazungumza naye wewe, maana mimi hanisikilizi tena na sitaki tufike kwenye kicheni pati hatusemezani? Na utakuja lini hasa, kabla ya harusi au asubuhi yake? Ukija mapema utafuatana nami mpaka Raskazone? Na siku ya kwenda kuchukua majibu ya sukari, mwenzangu, unaweza kuwa kwenye simu nikiwa nangoja pale kwenye benchi? Baba Hafidh atakuwa safarini Pangani na sitaki kuyasikia peke yangu.

Nisalimie bibi, mwambie dua zake nazitaka. Jibu upesi.

Wako,
Rukia